ZAMU YA MUUGUZI NA UHAI WA MTOTO NJITI: MFANO WA MSAMALA, SONGEA

Msamala ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania Bara. Mji huo umejengwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai huwa ya baridi. Kwa mtu mzima, baridi hiyo humalizwa na blanketi la pili. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, yaweza kuwa sababu ya kifo. Hivyo basi, wananchi wanaelezwa hapa jinsi muuguzi wa watoto wachanga katika mji wa namna hiyo anavyofanya kazi, na jinsi mapumziko yake yanavyohusiana na uhai wa mtoto.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta ya mwili ni haba, na hawezi kujitunzia joto. Joto linalotakiwa kwa mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Aidha, wengi wao hawajaweza kunyonya. Hupewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe au kwa mpira mwembamba unaofika tumboni, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Muuguzi hupima joto, huhesabu pumzi, hupima uzito na hutoa dawa kwa vipimo vidogo mno. Nukta ya desimali ikikosewa mahali pake, dawa huzidi mara kumi.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana kwa hesabu nyepesi. Wodi ikiwa na watoto 10 wanaolishwa kila baada ya saa 3, zamu ya usiku ya saa 12 ina milo 40. Kila mlo ukichukua dakika 15, ni dakika 600, yaani saa 10 kamili. Muuguzi aliye peke yake hubakiwa na saa 2 tu za kupima joto, kutoa dawa, kuangalia oksijeni, kuandika majalada na kumpokea mtoto mwingine anayeletwa kutoka chumba cha kujifungulia. Hapo ndipo uchovu unapozaa makosa, hata kwa mtumishi hodari na mwenye moyo.

Sheria haikuliacha jambo hili. Kwa Zanzibar, masuala ya kazi husimamiwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Muuguzi wa Msamala, akiwa Tanzania Bara, yuko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004. Kwa mujibu wa sheria hiyo ya Bara:

(a) Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki.

(b) Mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki.

(c) Kazi ya baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa saa hizo.

(d) Mjamzito asipangiwe kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua.

(e) Mama anyonyeshaye aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake.

Vile vile, anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili dakika 60 za mapumziko. Hata hivyo, mwajiri anaweza kumtaka aendelee iwapo kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Wodi ya watoto njiti ni mahali pa namna hiyo hasa. Kwa sababu hiyo, muuguzi aliye peke yake anayo haki ya saa yake kwa maandishi, lakini hawezi kuitumia. Kinachompa saa hiyo ni kuwapo kwa muuguzi wa pili.

Kazi haimaliziki mlangoni mwa hospitali. Wauguzi wengi ni wanawake na ni wazazi. Atokaye zamu ya usiku hukuta watoto wanaokwenda shule, maji ya kuteka, na katika msimu wa mvua, shamba la mahindi linalongoja palizi. Jirani amwonaye amelala saa 4 asubuhi hudhani ni mvivu, humbishia hodi, au humwita msibani. Ilhali usingizi huo wa mchana ndio utakaomwezesha kusoma kipimo cha dawa sawasawa usiku unaofuata.

Upo pia msaada utokao kwa mama wa mtoto mwenyewe. Njia ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, ni ya kumweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mapema baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama hutoa joto na, akifundishwa, humlisha mtoto. Njia hii hupunguza mzigo wa muuguzi, ila haiondoi haja ya kuwapo kwake, kwani dalili za hatari hutambuliwa na jicho lililofunzwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania hupoteza watoto 24 katika kila 1,000 waliozaliwa hai kabla hawajatimiza mwezi mmoja. Lengo la dunia kwa mwaka 2030 ni kufikia 12 au pungufu.

Kwa hiyo, wakuu wa wodi wanashauriwa kutangaza orodha ya zamu mapema, kuepuka kumrudisha kazini mtumishi kabla ya saa 12 kupita, na kutomwacha muuguzi peke yake usiku. Waume na jamaa wanaombwa kuzibeba kazi za nyumbani asubuhi ya zamu. Majirani nao wanaombwa kumwacha muuguzi alale.