Majina 12 kwenye fomu, shule moja ng'ambo ya mto

Mwaka 2025, watoto zaidi ya milioni moja wa Gredi ya 9 nchini Kenya, wa kwanza kupitia mtaala wa umilisi, waliambiwa wachague shule 12 za sekondari pevu. Kwa mtoto wa Nyali, Mombasa, hiyo ni orodha kweli. Shule kadhaa anazijua kwa sura, na akikosa moja atapanda matatu aende nyingine.

Fomu hiyohiyo ilifika Ozi, karibu na pale mto Tana unapoingia baharini katika Kaunti ya Tana River, na vijiji vya ndani ya Garsen. Mchagua nazi hupata koroma, wazee husema. Lakini methali ile ni ya mwenye minazi. Wa deltani ana mnazi mmoja, na uko ng'ambo ya mto.

Tupige hesabu anavyoipiga mzazi. Serikali imepanga kutoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kwa mabweni, viwango vya Wizara vilimtaka mzazi aongeze 53,554 katika shule za miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, na 40,535 katika shule nyingi kwingineko. Juu yake kuna godoro, sanduku, sare na nauli. Hata Malindi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Mfugaji wa Kiorma hulipa karo kwa ng'ombe, na ukame wa 2020 hadi 2023 ulimwachia zizi tupu.

Inabaki shule ya kutwa. Mtoto huondoka alfajiri, viatu na vitabu ndani ya mfuko wa plastiki, miguu kwenye tope la ukingo. Husubiri mtumbwi, jicho moja likichunga mamba. Akifika ng'ambo hujifuta miguu kwa nyasi, huvaa viatu, ndipo huanza kutembea. Jioni hurudi vivyo hivyo.

Mto ukijaa, hata safari hiyo hukatika. Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Mwaka uliofuata mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa shule nchi nzima, kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Kwingi watoto walirudi darasani siku hiyo. Huku, mto hausomi kalenda ya Wizara.

Pengo hili si la jana. Wamisionari Wamethodisti walipiga kambi Golbanti, na wa misheni ya Kijerumani ya Neukirchen huko Ngao, miaka ya 1880, na shule zikafuata mto, kwenye mashamba ya Wapokomo. Waorma na Wawardei walifuata malisho, na shule haikuwafuata. Kisha yakaja mapigano ya 2012 kati ya Wapokomo na Waorma, yaliyoua zaidi ya watu 100, na njia ya kwenda shule ikafungwa na hofu.

Katiba ya 2010 iliahidi dawa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kutajwa. Kifungu hicho kinataja maji, barabara, afya na umeme. Shule hazikutajwa, lakini kivuko salama ni barabara, na maabara bila umeme ni chumba chenye meza. Muda wa hazina hiyo ni miaka 20, na 2030 iko mlangoni.

Kabla ya kumwambia mtoto achague, tumjengee cha kuchagua: maabara yenye vifaa Garsen, nyumba za walimu ili wasiombe uhamisho, bweni nafuu la wasichana karibu na kwao. Hapo mtoto wa Ozi ataandika jina la shule ya jirani mstari wa kwanza kwa sababu anaipenda, na mistari 11 iliyobaki itakuwa yake pia.