Joho na Vitabu: Juu ya Kutunza Kumbukumbu za Mahali

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee joho alilokuwa ameliacha kwa Karpo kule Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Tim. 4:13). Aya hii huwa tunaipita haraka, kana kwamba haina fundisho. Lakini ndani yake mna mambo matatu yanayohusu makala yetu: kitu, maandishi, na mtu aliyeaminiwa kuvitunza. Karpo hatuelezwi alikuwa nani. Tunajua tu kwamba alikabidhiwa mali isiyo yake, na mwenye mali alijua ilipo.

Tumechagua Kwala, katika Mkoa wa Pwani, kuwa mfano wetu, kwa sababu haja ya akina Karpo huko ni kubwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita katika nchi hiyo kuelekea Morogoro. Mwaka 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, na palipokuwa mashamba panageuka kuwa maghala na viwanda. Hatusemi kwamba maendeleo haya ni mabaya. Tunasema kwamba familia inapohama, sanduku la bibi hufunguliwa, na kile ambacho wajukuu hawakitambui huchomwa moto au huuzwa kwa mpita njia.

Katika Kisarawe, wamisionari kutoka Berlin walianzisha kituo mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Pamoja nao vilikuja vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko. Katika kipindi hicho hicho vitu vya Wazaramo vilianza kwenda Ulaya, miongoni mwavyo mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho msichana alikitunza akiwa mwali ndani. Hivi leo mtafiti huweza kuviona vinyago hivyo katika makumbusho ya Ujerumani, huku mara nyingi jina la mama aliyekuwa navyo halikuandikwa. Hasara hiyo haikuletwa na mchwa. Ililetwa na mpokeaji asiyeuliza.

Basi kikundi cha wazee, usharika au shule itakayo kuhifadhi kumbukumbu za mahali pake ifanye nini?

Kwanza, iwe na daftari la mapokezi. Kila kitu kipewe namba, kwa mfano 2025/4/2, yaani mwaka, mtoaji wa nne wa mwaka huo, na kitu chake cha pili. Kando ya namba paandikwe jina la kitu kwa lugha ya wenyewe, aliyekileta, alikipataje, na kwa masharti gani: ametoa kabisa au ameazima? Namba hiyo iandikwe kwenye kikaratasi kinachofungwa kwa uzi wa pamba. Kwenye hati iandikwe kwa penseli, pembeni.

Hapa ndipo tunapojaribiwa. Ni rahisi kuandika kwamba kitu “kilitolewa”, hata pale ambapo mwongofu wa zamani alidaiwa akisalimishe kabla ya kubatizwa. Amri ya saba inatukataza kuiba, na ya nane inatukataza kushuhudia uongo. Daftari la mapokezi linaziunganisha zote mbili. Kama kilichukuliwa, iandikwe kwamba kilichukuliwa, na ukoo wake ukijulikana uitwe na kuulizwa unataka kifanyiwe nini.

Pili, ulinzi dhidi ya uharibifu. Katika Pwani adui ni unyevu, joto, mchwa na mende. Makasha yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta. Kabati la chuma juu ya matofali hufaa. Mifuko ya plastiki iliyofungwa huzuia hewa na kuleta ukungu. Pini zenye kutu ziondolewe. Karatasi iliyochanika isibandikwe selotepu, kwa maana gundi yake huigeuza rangi na kuila. Kitu cha mti chenye wadudu kifungwe vizuri na kuwekwa katika friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, kuliko kupakwa sumu itakayomdhuru atakayekishika. Zaidi ya yote, kabati likaguliwe kila mwezi.

Tatu, nani aone? Kitabu cha ubatizo hutaja wazazi. Kumbukumbu za nidhamu ya kanisa hutaja makosa ya watu ambao watoto wao wangali hai. Hizi zisisomwe na kila apitaye. Vivyo hivyo mwana hiti ni jambo la akina mama. Wao ndio waamue kama kionyeshwe hadharani, si mchungaji wala mwenyekiti.

Nne, pasitegemewe mtu mmoja. Nakala ya daftari ikae mahali pengine, na kwa hati zilizo dhaifu ushauri utafutwe kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa vitu, kwa Makumbusho ya Taifa.

Kazi hii haihitaji jumba. Huanza na daftari moja, penseli, na mtu mwaminifu anayeuliza kabla ya kupokea. Wachungaji tunaopelekwa sharika za Kibaha na Kisarawe tufungue makabati ya ofisi zetu kabla hatujawahimiza wengine, kwa maana huenda joho la mtu limo humo, na mwenyewe bado analingojea.