Je, Wajua? Rebeka alivishwa zaidi ya gramu 100 za dhahabu

Kuanzia Mbagala hadi Tegeta, Wasabato na baadhi ya Walokole hufundishwa kuacha hereni na mikufu. Lakini katika Biblia pambo lilibeba ujumbe zaidi ya urembo. Vikuku viwili alivyopewa Rebeka na mtumishi wa Abrahamu (Mwanzo 24) vilikuwa na uzani wa shekeli 10, yaani zaidi ya gramu 100 za dhahabu; kishika uchumba cha namna hiyo kingetikisa mtaa mzima wa Temeke. Naye Farao alipovua pete yake akamvika Yusufu, alimkabidhi muhuri, na pamoja nao mamlaka.

Wapo watakaosema hereni za Waisraeli ndizo zilizoyeyushwa kuwa ndama wa dhahabu. Kweli, ila Waisraeli haohao walitoa hereni na pete kujenga hema ya kukutania (Kutoka 35). Hoja nzito zaidi ni 1 Petro 3:3, na hapo, pamoja na kujitia dhahabu, mtume anataja pia kusuka nywele na kuvalia mavazi. Mbona aliyesuka twende kilioni hakemewi, wala hakuna anayekatazwa nguo? Petro alipanga kipaumbele, hakuandika orodha ya marufuku. Anayebisha asome hadi aya ya 4.