Hatua mbili nyuma: fizikia ya kumshikia mpiga picha taa harusini

Umeshawahi kufungua albamu ya harusi ukakuta picha kumi nzuri, halafu moja iko giza, wakati zote zimepigwa ukumbi uleule, kwa kamera ileile, ndani ya dakika moja? Mara nyingi kosa si la mpiga picha. Ni la yule kijana aliyekuwa pembeni ameshika taa. Nayajua haya kwa sababu kijana huyo nimeshakuwa mimi.

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili, Jumamosi zangu zilikuwa za harusi. Msaidizi wa mpiga picha: unabeba begi, unabadilisha betri, unashika fimbo yenye flashi juu. Siku moja, Dar es Salaam, tukafika kwenye keki. Bibi harusi anamlisha mama yake. Shangazi mmoja akaja na simu anataka kurekodi, nami kwa adabu zangu nikampisha, nikarudi hatua mbili nyuma. Bosi akapiga picha tatu. Mama akafuta machozi, MC akaita watu wengine, ikawa imepita hiyo. Picha zote tatu zilitoka giza. "Umbali, mdogo wangu, umbali!" Ndiyo maneno aliyoniambia bosi kwenye gari, na hakuongeza jingine mpaka tunafika Ubungo.

Sasa, hatua mbili tu zinaharibuje picha? Mwanzo nilikuwa kama mita 1.5 kutoka kwa bibi harusi. Baada ya kumpisha shangazi nikawa mita 3. Umbali umekuwa mara mbili, kwa hiyo ungedhani mwanga umebaki nusu. Hapana. Ulibaki robo.

Jaribu mwenyewe usiku. Washa tochi ya simu. Chukua kadibodi, kata tundu la mraba lenye upande wa sentimita 4, ishike sentimita 20 kutoka kwenye tochi, na ukuta uwe sentimita 40 kutoka kwenye tochi hiyohiyo. Ukutani utaona mraba wenye upande wa karibu sentimita 8, kingo zake zina ukungu kidogo. Tundu lina sentimita za mraba 16, mraba wa ukutani una 64. Mwanga ni uleule uliopita tunduni, ila sasa unagawanywa kwenye eneo kubwa mara nne. Umbali ukiwa mara tatu, eneo linakuwa mara tisa. Hii ndiyo kanuni ya kinyume cha mraba, na ndiyo hiyohiyo inayofanya mwanga wa Jua upungue kwenye sayari za mbali. Ukumbini haifuati hesabu kwa asilimia mia, maana kuta nyeupe na dari hurudisha mwanga kidogo, na taa yenye mwamvuli mkubwa ikiwa karibu sana haifanyi kama nukta. Lakini kwa flashi ndogo kwenye fimbo, ichukue kama ilivyo.

Utaniuliza: si ungeing'arisha tu kwenye kompyuta? Tulijaribu. Shida ni kwamba mwanga hufika kwenye kamera kama chembe, fotoni, na chembe hizo hazifiki kwa mpangilio. Ni kama matone ya mvua kwenye ndoo. Kama kwa wastani zinafika fotoni 400 kwenye nukta moja ya picha, hesabu hupanda na kushuka kwa kama 20, yaani kipeuo cha pili cha 400. Hiyo ni asilimia 5. Ukibaki na robo, fotoni 100, inapanda na kushuka kwa 10, yaani asilimia 10. Kwa hiyo ukiing'arisha unakuza na ule mchafuko wake. Ndiyo zile chembechembe unazoziona, na zilijaa kwenye shavu la mama. Ile picha ilibidi ichapwe ndogo kuliko zote kwenye ukurasa wake.

Kuna flashi zinazojipimia zenyewe, kweli. Zinatupa mwali mdogo kwanza, kamera inapima kilichorudi, kisha inaamua nguvu. Tatizo ni kwamba kamera inabahatisha kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, kijivu hivi. Mwelekeze bibi harusi mwenye gauni jeupe lililojaa fremu nzima, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wake mweusi mzuri unazama gizani. Mwelekeze bwana harusi mwenye suti nyeusi, inafanya kinyume. Ndiyo maana wapiga picha wengi huweka nguvu ya flashi kwa mkono, na kuanzia hapo kipimo cha mwanga ni miguu yako wewe msaidizi.

Nilichofanya baada ya lile balaa ni kufunga uzi kwenye fimbo, wenye fundo kwenye mita 1, 1.5 na 2. Kabla wageni hawajaingia najipima: hatua yangu moja ni kama sentimita 75. Maharusi wanapoingia wakicheza, narudi kinyumenyume kwa mwendo wao, macho kwenye mabega yao na si kwenye kamera. Shangazi akija, nasogea kwa kuzunguka, kama niko kwenye duara ambalo bibi harusi ndiye kitovu chake. Nikilazimika kurudi nyuma, napaza sauti, "Mita tatu!" na bosi anabadilisha.

Kukaa karibu nako kuna gharama yake. Taa ikiwa mita 1 kutoka kwa bibi harusi, na bwana harusi yuko mita 1.5, bwana harusi anapata asilimia 44 tu ya mwanga wa mkewe. Rudi mpaka mita 3 kwa bibi harusi na 3.5 kwa bwana harusi, anapata asilimia 73. Kwa hiyo kwenye picha za ukoo mzima, bibi na babu mbele na wajomba wamesimama nyuma, nenda mbali na mwambie bosi aongeze nguvu.

Mengine ni madogo. Mwombe mtu wa taa azime zile za zambarau wakati wa keki, kwa sababu mwanga huo karibu hauna kijani kabisa, na rangi ya ngozi ambayo haikuingia kwenye kamera hairudishwi na programu yoyote. Na kama mna kamera mbili, linganisheni saa zake asubuhi. Tuliwahi kusahau, kamera moja ikawa mbele dakika 40, na kwenye kompyuta watu wakaanza kula kabla ya maharusi kuingia ukumbini.