Fahamu: Unahitaji nini kusoma jiolojia chuo kikuu?

Si mbali na mji wa Mlowo, katika kijiji cha Ndolezi, kimelala Kimondo cha Mbozi: takriban tani 16, sehemu kubwa chuma, na nikeli kidogo. Kiguse, ni baridi; palipokatwa na msumeno, kinang'aa. Mwanafunzi wa Mlowo anayejiuliza kimetoka wapi ameshaanza jiolojia.

Lakini udadisi peke yake haufungui mlango wa chuo. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inataka angalau ufaulu wa kiwango cha principal katika masomo mawili yenye jumla ya pointi 4; kwa mfano D mbili, kwa kuwa A ni 5 na D ni 2. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kila programu hutaja masomo yake, na kemia, fizikia, hisabati na jiografia ndiyo hutazamwa zaidi. Kwa hiyo uamuzi mzito hufanyika kidato cha nne: tahasusi ya PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, biolojia) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati) hukuacha na nafasi, HGL (historia, jiografia, Kiingereza) haikufikishi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya jiolojia na ya jiolojia ya uhandisi. Chuo Kikuu cha Dodoma pia hufundisha fani hii. Aliyekosa pointi asikate tamaa: Chuo cha Madini Dodoma hutoa stashahada, na mwenye stashahada ya GPA 3.0 anaweza kuomba shahada.

Mzazi, kabla mwanao hajachagua tahasusi, fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu.