Mashine ya Michezo au Tarakilishi? Uteuzi wa Kijana wa Kisian

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu anayefanya uteuzi wa zana kuwa kisingizio cha kuikwepa kazi. Hata hivyo, lipo jembe ambalo sharti lichaguliwe kwa makini, hasa pale ambapo fedha za kulinunulia zimedundulizwa kwa muda mrefu na haziwezi kununua majembe mawili. Makala haya yanajadili uteuzi wa aina hiyo: kati ya mashine ya michezo, kama vile PlayStation au Xbox, na tarakilishi inayoweza kuchezewa michezo ya video. Mjadala unaegemezwa katika mazingira ya Kisian, kituo cha biashara kilichoko magharibi mwa jiji la Kisumu, mahali ambapo barabara ya Bondo huachana na ile ya Maseno na Busia.

Tofauti ya Kimsingi

Kwa hakika, mashine ya michezo nayo ni tarakilishi, ila ni tarakilishi iliyofungiwa kazi moja. Mtengenezaji ndiye huamua viungo vyake vya ndani, programu zinazoruhusiwa na duka la kuzinunua. Kwa sababu hiyo, mchezo uliotengenezewa mashine fulani huchezeka bila mnunuzi kujiuliza iwapo mashine yake ina nguvu za kutosha. Aidha, kizazi kimoja hudumu: PlayStation ya pili ilitolewa mwaka 2000, ya tatu 2006, ya nne 2013 na ya tano 2020.

Tarakilishi, kwa upande wake, humwachia mwenyewe uhuru na mzigo wa kuamua. Anaweza kuongeza kumbukumbu au kubadilisha kadi ya picha, lakini ni juu yake kujua kinachooana na kingine. Hapa ndipo wengi huteleza. Tarakilishi kuukuu za ofisini huuzwa kwa bei nafuu, lakini nyingi hazina kadi ya picha, na zile ndogo huwa na kisambaza umeme dhaifu kisichoweza kuihimili kadi kubwa. Mnunuzi hurejea nyumbani na chombo kizuri cha kuandikia barua, wala si cha kuchezea.

Gharama na Kipato

Kwa ubora uleule wa picha, mashine ya michezo aghalabu ni rahisi kuliko tarakilishi. Lakini bei ya dukani si gharama yote. Mashine huhitaji runinga, na michezo mingi ya kulipia haichezwi na wenzako mtandaoni pasipo ada ya uanachama; katika tarakilishi ada hiyo kwa kawaida haipo. Kwa upande mwingine, diski ya mchezo inaweza kuazimwa, kubadilishanwa au kuuzwa tena, ilhali mchezo wa tarakilishi ulionunuliwa katika duka la mtandaoni kama Steam hubaki katika akaunti ya mnunuzi. Isitoshe, mchezo mmoja wa kisasa huweza kuzidi gigabaiti 50. Kwa anayetegemea bando la simu, huo ni mzigo usiopuuzwa.

Jambo la kipato nalo lina uzito. Katika vituo vingi vya biashara nchini Kenya kuna vibanda ambamo vijana hulipia kila mechi ya kandanda wanayocheza. Kazi hiyo huhitaji chombo kinachowashwa na kuchezwa papo hapo, pedi mbili na wachezaji wanaokaa bega kwa bega. Anayenuia kufungua kibanda hana haja ya kusitasita: mashine ya michezo ndiyo jembe lake.

Stima na Mazingira

Stima inapopotea ghafla, mashine ya michezo na tarakilishi ya mezani huzimika pamoja, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Tarakilishi ya kupakata hunusurika kwa betri yake, ingawa nguvu zake za kuchezea hupungua. Vilevile, joto la kandokando ya ziwa, vumbi la barabarani na makundi ya wadudu wadogo wa ziwani wanaovutwa na taa huweza kuziba matundu ya kupitishia hewa. Chombo chochote kitakachonunuliwa kiwekwe mbali na dirisha na kusafishwa mara kwa mara.

Kucheza na Kuumba

Tofauti kubwa zaidi imo katika suala la uumbaji. Mwenye mashine ya michezo hucheza alichotengenezewa. Mwenye tarakilishi anaweza kutengeneza. Mnamo 2007, Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Adventures of Nyangi, uliobuniwa kwa ajili ya tarakilishi. Mwaka 2016, kampuni ya Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion, mchezo uliochota katika ngano na mila za Kiafrika. Leo programu kama Godot hupatikana bila malipo. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, swali hujitokeza lenyewe: ni nani atakayempeleka Fumo Liyongo au Luanda Magere katika ulimwengu huo, na watazungumza lugha gani humo?

Zaidi ya hayo, tarakilishi hiyohiyo huandika tasnifu, hujaza maombi ya chuo na ya mkopo wa elimu, na huhariri picha na sauti.

Hitimisho

Imebainika kwamba hakuna chombo kilicho bora kwa kila mtu. Anayetaka burudani ya jamaa au riziki ya kibandani anunue mashine ya michezo bila majuto. Lakini kijana ambaye fedha zake zitanunua chombo kimoja tu, na ambaye bado yumo masomoni, afadhali anunue tarakilishi, hata kama itamlazimu kuridhika kwa muda na michezo ya zamani. Picha hafifu huvumilika. Tasnifu haiandikwi kwa pedi. Mchagua jembe si mkulima, ni kweli. Ila mkulima mwenye busara huitazama kwanza shamba lake.