Jaipur: Ngome, Kasri na Masoko ya Mji wa Waridi
Mji wa Jaipur, ulio katika jimbo la Rajasthan nchini India, ulianzishwa mwaka 1727 na Maharaja Sawai Jai Singh wa Pili, mtawala aliyebobea katika falaki, yaani elimu ya nyota, alipoyahama makao ya wazee wake katika ngome ya Amber, iliyo kilimani umbali wa kilomita 11 hivi. Mitaa yake ilinyooshwa ikakatana kwa pembemraba, hivyo mgeni hutoka kwenye kasri la mtawala hadi Johari Bazaar, soko la masonara na wauza vito, bila kupotea.

Jengo linalostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko yote ni Hawa Mahal, Kasri la Upepo, lililojengwa mwaka 1799 likiwa na madirisha madogo 953 yenye jali, ambazo ni nakshi za mawe yaliyotobolewa, zilizowawezesha wanawake wa kasri, waliotakiwa kukaa faragha, kutazama maandamano ya barabarani bila wao kuonekana, huku zikipitisha upepo wa kupunguza joto kali la Rajasthan. Rangi ya waridi ilienezwa mjini mwaka 1876, kwa ajili ya kumpokea mrithi wa ufalme wa Uingereza.